Pamba Katika Sikio la Kushoto

Mwanangu Wandera,

Kosa ambalo watu wengi hufanya kuhusu sikio ni kudhani kwamba liko kama mlango, ama limefunguliwa ama limefungwa. Wanapiga makofi nyuma ya mtoto, mtoto anageuka, nao wanasema, "Huyu anasikia." Kesho yake wanamwita kutoka jikoni, haitiki, nao wanasema, "Huyu ni mkaidi. Husikia anapotaka." Mimi nilifanya kosa hilo kwa miaka mitatu, kwanza nikiwa mama yako tu, kisha nikiwa mwalimu wako pia.

Nakuandikia Jumamosi alasiri. Umeenda Busia kuwaaga wenzako, na baba yako yuko kwenye mashine anasagia watu mahindi. Kutoka hapa mezani nasikia mdundo wa injini yake, nami najua kwamba mpaka itakapozimwa sina wa kunisumbua. Barua hii nitaiweka juu ya mashati yako sandukuni. Nimeandika kwenye bahasha kwamba uifungue Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Nakujua, utaifungua Jumapili, mara tu ukifika Malaba. Basi isome mara mbili.

Sitakuambia lolote juu ya kupika, kufua, wala majirani. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na njaa. Nataka kuzungumza juu ya sikio lako. Tukiongea ana kwa ana na habari hiyo ikakaribia, wewe hugeuza kichwa, nami huitumia nafasi hiyo kunyamaza. Katika barua hakuna neno linaloangukia upande wa kushoto.

Ulipata surua ukiwa na miaka minne. Homa ilikwisha, vipele vikapotea, ukarudi kucheza. Baada ya wiki chache nikaona mto wako una doa la manjano. Sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha. Kukhu, mama wa baba yako, aliliangalia, akalinusa, akasema, "Acheni litoke. Mkiliziba, ubaya utarudi ndani. Akishang'oa meno ya utoto litakauka lenyewe."

Leo naweza kukuambia kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa sahihi na nusu ilikuwa na makosa. Ni kweli kwamba sikio linalotoa usaha halizibwi. Si kweli kwamba hukauka lenyewe ukisubiri meno. Mimi niliyesoma, niliyekuwa nikimcheka Kukhu kichinichini, nilitupa ile nusu iliyo sahihi nikashika ile yenye makosa. Nilisubiri meno, na nilipochoka na harufu nikaliziba.

Ilikuwa hivi. Wakati ule nilikuwa nimepelekwa kufundisha Marachi, na ulipofika darasa la pili, mwalimu wako nilikuwa mimi. Watoto walianza kushika pua. Siku moja nilimsikia mmoja akisema, "Mtoto wa mwalimu ananuka kama samaki wa juzi." Sikuona uchungu wako, Wandera. Niliona aibu yangu. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla ya gwaride nilivingirisha pamba, nikaisukuma ndani, nikalainisha nywele juu yake. Jioni niliitoa. Siku nyingine nilikuwa na madaftari mengi ya kusahihisha, nikaisahau hadi kesho yake.

Na kulikuwa na jambo la kuketi. Unakumbuka desturi yetu shuleni, wafupi mbele, warefu nyuma. Wewe ulirefuka mapema kama wajomba zako. Ningeweza kukuleta mbele, lakini walimu wenzangu wangesema napendelea mtoto wangu, na mimi nilijisifu sana kwa kutopendelea mtu. Nikakuweka dawati la mwisho, pembeni, chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa kuliani kwako. Fikiria hilo, kama mimi nilivyolifikiria baadaye. Sikio lako zima lilielekea barabarani, likisikia ng'ombe na baiskeli, na sikio lenye pamba ndilo lililoelekea kwa mwalimu.

Nyumbani nilikuwa nimekujaribu, usidhani sikuwa na wasiwasi kabisa. Uliketi sakafuni ukichora, nami nikaangusha kifuniko cha sufuria nyuma yako. Uliruka kama panzi. Nikamwambia baba yako, "Anasikia. Ni kiburi tu."

Halafu ikaja ile asubuhi ya hesabu za kichwa. Nilikuita mara tatu. Ulikuwa ukitazama nje. Nikatembea hadi nyuma ya darasa, watoto wakinyamaza, wakijua kinachokuja, nikakuvuta sikio. La kushoto. Pamba ikatoka pamoja na vidole vyangu, imelowa. Darasa zima likacheka.

Hukulia. Ulisema, "Samahani, mama."

Nami nikakujibu, "Hapa mimi si mama, ni mwalimu."

Kati ya maneno yote niliyowahi kusema darasani, hayo ndiyo ningependa kuyafuta ubaoni. Jumamosi iliyofuata nilikubeba kwenye basi hadi kwa dokta mmoja karibu na mpaka, mtu mpole aliyependa kuimba akifanya kazi. Alikukausha sikio kwa utambi wa pamba, akiutoa na kuweka mwingine, tena na tena, mpaka utambi ukatoka mkavu. Akakugeuza utazame ukuta, akaziba sikio lako moja kwa kidole, akanong'ona tarakimu. Upande wa kulia ulimrudishia zote. Upande wa kushoto ulikaa kimya, ukingoja aanze.

Akaniuliza, "Huyu ndiye uliyesema ni mkaidi?"

"Ndiye."

"Mwalimu, kijana huyu amesoma darasa lako kwa sikio moja, na hilo moja umeligeuzia barabarani. Si mkaidi. Ana akili nyingi."

Nikamuuliza swali lililonileta, kama ni pamba yangu iliyomharibu. Hakunidanganya. Alisema, "Sijui. Usaha ulikuwepo kabla ya pamba. Pamba ya kukausha, unayoitoa papo hapo, ni dawa. Pamba ya kuficha, unayoiacha humo, inaufungia usaha ndani. Haikumsaidia." Jibu hilo nimeishi nalo. Nimeona ni bora kuliko kuambiwa sina kosa, kwa maana ningejua ni huruma tu.

Kisha alinichorea sikio nyuma ya karatasi ya dawa, na kwa kuwa unajua ninavyopenda kueleza, vumilia kidogo. Mwisho wa tundu la sikio pana kiwambo chembamba, kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma yake pana vimifupa vidogo vitatu, vinavyopokezana mtikisiko wa sauti kama watu wanaopitishiana ndoo ya maji wakati wa kuzima moto. Ndani kabisa pana kitu kilichojipinda kama konokono, chenye vinywele vidogo mno, navyo ndivyo vinavyoupelekea ubongo habari. Usaha wako ulitoboa ngoma, ukakaa, ukala vimifupa. Ndoo hazifiki. Lakini sauti kubwa, kama kifuniko cha sufuria, hupita hata kwenye mfupa wa kichwa na kulifikia sikio zima. Ndiyo sababu uliruka, na ndiyo sababu mimi nilidanganyika.

Kwa baba yako ngoma ni nzima na vimifupa ni vizima. Kilichokufa ni vile vinywele. Waza njia ya kwenda mtoni. Ukikanyaga nyasi mara moja, kesho zimeinuka. Ukizikanyaga kila siku, hubaki udongo mtupu, na hakuna mvua itakayozirudisha. Injini ya kusagia imetembea ndani ya masikio ya baba yako tangu hujazaliwa. Kwanza ilikuwa mvumo wa jioni tu, akitoka kazini, na asubuhi umekwisha. Siku hizi haukwishi. Wewe ulikuwapo siku ile kanisani aliponinong'onezea, kwa sauti aliyoidhani ni ya chini, "Huyu mhubiri hana njaa?" na mhubiri akajibu kutoka mimbarini, "Ninayo, mzee. Namalizia." Tulicheka mpaka nje. Lakini vijana wanaomsaidia sasa nimewalazimisha wafunge masikio yao kwa vitambaa vinene injini ikiwaka, nao wananiita Mama Vitambaa. Nimelikubali jina.

Na kuna dawa. Nilipougua malaria mwaka ule wa mafuriko nilipewa kwinini nyingi, na masikio yangu yalilia kama nyenje kwa siku kadhaa. Yangu yalinyamaza. Dokta alisema ya watu wengine hayanyamazi, na kwamba hata baadhi ya sindano za kifua kikuu huweza kuumiza kile kikonokono. Hakusema ukatae dawa ukiugua, usije ukafa na masikio mazuri. Alisema umwambie anayekutibu kwamba una sikio moja la kutegemea, ili achague vizuri. Na njiti ya kiberiti isiingie humo hata siku moja. Sikio la kulia ndilo shamba lako lote.

Unaweza kuuliza kwa nini nakurudishia habari za zamani wakati tumeishi vizuri. Ni kweli, tumeishi vizuri. Nikitazama meza yetu naridhika. Hakuna aliyekaa akapanga, lakini wote tunaketi kuliani kwako. Taa tunaiweka upande wetu ili uone midomo. Dada zako hawaanzi kuongea kabla hujawatazama, na mgeni akija wakamfundisha hivyo, hudhani ni adabu za ukoo wetu. Mwaka huohuo nilikuleta dawati la mbele, na walimu wakasema waliyotaka kusema. Nilisikia kila neno, na hakuna lililonivunja mfupa. Ulifika kidato cha nne. Umepata kazi ya karani wa kuhesabu mabehewa kwenye stesheni ya Malaba, na mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu.

Lakini Malaba si meza yetu.

Mwezi uliopita tulikwenda pamoja kutafuta chumba. Baada ya kukipata uliniambia, "Twende nikuonyeshe ofisi yangu, mama," ukinyoosha mkono kuonyesha uwanja wote wa reli kama chifu anayeonyesha ng'ombe wake. Malori yalikuwa yakinguruma kwenye foleni ya forodha, vijana wa baiskeli wakiita, "Boda! Boda!" na injini ikisukuma mabehewa huku na huko. Ulikuwa umesimama kati ya reli ukinieleza namba zinavyosomwa. Injini ikaliachia behewa moja tupu, nalo likaja lenyewe, polepole, bila moshi wala honi.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Wewe! Kijana! Toka!"

Ulisikia. Nilikuona umesikia. Ukageuka kulia, kwa sababu kwako sauti zote ulimwenguni hutoka kulia. Behewa lilikuwa linatoka kushoto. Nilikushika mkono wa shati nikakuvuta, kifungo kikakatika. Ukacheka ukasema, "Nilikuwa nimeliona, mama." Hukuwa umeliona. Kwenye basi uliniomba mambo mawili, nisimwambie baba, na nisimwambie mtu yeyote wa stesheni. "Vijana wanaotaka nafasi hii ni wengi," ulisema. "Wakijua, wataniambia nirudi nyumbani." Nikakuahidi.

Baba yako hajui hadi leo. Ahadi ya pili nilikaribia kuivunja. Jumanne iliyopita niliposema naenda kumjulia hali shangazi yako, nilikwenda Malaba. Nilikusudia kuingia kwa msimamizi na kumwambia kila kitu. Nilifika nikaketi kwenye benchi nje ya ofisi, nikingoja amalize na watu wa forodha.

Kwenye benchi hilo nilimkuta mzee mwenye kofia ya sufi nyekundu, na bendera mbili zimekunjwa magotini pake. Nilimsalimu. Akaelekeza kidole mdomoni mwangu, akasema, "Sema ukinitazama, mama. Mdomo ukiangalia Uganda, mimi wa Kenya sisikii."

Jina lake ni Mzee Ekisa, wa kabila la Wateso, mwenyeji wa papo hapo. Amepokea na kusindikiza mabehewa maisha yake yote, na filimbi za injini zimemfanya kama mashine ilivyomfanya baba yako. Nilimuuliza, "Na mzee, unafanyaje kazi katikati ya reli bila kusikia?"

"Nani anasikia hapa?" akasema. "Injini ikipiga filimbi, hata yule mwenye masikio ya sungura hasikii kitu. Hapa ni macho na bendera. Masikio ni ya kwenda nayo nyumbani."

"Na behewa likija nyuma yako?"

"Hawa vijana nimewafundisha. Hakuna kuniita, 'Wewe, mzee!' Nitajuaje ni wewe gani, nitageuka wapi? Reli ina pande mbili tu. Likitoka upande wa Uganda, wanaita, 'Tororo!' Likitoka huku kwetu, 'Bungoma!' Nikipata hilo neno moja, mguu unajua wa kwenda."

Wakati huohuo, kana kwamba aliagiza, kijana mmoja kule mbali akaita, "Bungoma!" na Mzee Ekisa, aliyeketi salama kwenye benchi, akainua miguu yake yote miwili. Kisha akacheka. "Umeona? Hata kwenye kiti inafanya kazi."

Akaniuliza nina nani hapo stesheni. Nikamwambia mwanangu anaanza Jumatatu, karani wa kuhesabu mabehewa.

"Basi atatembea na mimi," akasema. "Makarani wapya wote huanza na mimi. Huyo anasikia?"

Mwanangu, nilikuwa na jibu mdomoni. Mlango wa msimamizi nao ulikuwa umefunguliwa, watu wa forodha wakitoka. Nikakumbuka pamba. Mimi ndiye niliyekufundisha kuficha, asubuhi baada ya asubuhi, kabla hujajua kuandika barua. Ulipocheka pale relini ukisema umeliona, ilikuwa ni kazi ya mikono yangu, nimeisukuma ndani na kulainisha nywele juu yake. Lakini nikiingia kwa msimamizi nyuma ya mgongo wako, nitakuwa yule mwalimu tena, anayekuvuta sikio mbele ya watu.

Nikamwambia Mzee Ekisa, "Muulize mwenyewe."

Alinitazama usoni. Mtu asiyesikia vizuri husoma uso vizuri kuliko wewe unavyosoma gazeti. Akasema, "Sawa. Nitamngoja aniambie." Nikanunua ndizi, nikarudi nyumbani, na shangazi yako sikumwona.

Sijui msimamizi atasema nini akijua. Labda atanung'unika. Labda, kama ulivyoogopa, atakupeleka ofisini ukaandike ndani badala ya nje, na mshahara upungue. Siwezi kukuahidi watu watakuwa wema. Ninachojua ni kwamba uwanja ule tayari una mtu wa namna yako, anaheshimiwa, na kazi imejipanga kumzunguka kama meza yetu ilivyojipanga kukuzunguka wewe. Lakini meza yetu ilianza kupangika siku tuliyojua. Kabla ya hapo, tulikupenda vilevile, na tulikuweka chini ya dirisha.

Injini imezimwa. Sasa baba yako ataingia, aulize kwa sauti ya kusikika kijiji chetu kizima cha Mundika kwa nini macho yangu ni mekundu, nami nitamwambia ni vumbi la unga. Nimekishona kile kifungo. Shati ni lile la bluu, liko juu kabisa.

Nimefurahi, Wandera. Soma barua yote ukilijua hilo. Nina mtoto anayeondoka nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na kitu pekee ninachomwomba kinachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Leo Jumatatu, kabla hujaandika namba ya behewa hata moja, nenda kwa mzee mwenye kofia nyekundu, simama mbele yake ili aone midomo yako, umwambie, "La kushoto halisikii. Nami niitie Tororo na Bungoma."

Mama yako